Dhangadhi FC: mji ulitoa jina, uwanja ukabaki Kathmandu

Wakaaji wa Bunia na wa sehemu nyingi za Ituri wanawafahamu Wanepali. Wamewaona kwa miaka mingi ndani ya magari meupe ya ONU, kofia za bluu kichwani, wakilinda kambi na mabarabara. Nepal ni moja ya nchi zinazotoa askari wengi zaidi kwa kazi ya kulinda amani ya Umoja wa Mataifa. Lakini ukimuuliza mtu wa Bunia Nepal ni nchi gani, atakujibu milima, theluji na baridi. Wachache sana watakujibu mpira.

Hata hivyo, Nepal inapenda mpira wa miguu kama sisi tunavyoupenda. Jeshi lenyewe, lile linalotuma askari Congo, lina ekipe yake, Tribhuvan Army, inayocheza katika ligi ya juu ya nchi. Polisi wana ekipe yao, na kikosi cha polisi wenye silaha kina yake pia. Mchezaji wa ekipe hizo tatu ni mwajiriwa wa serikali: ana cheo, ana mshahara wa kila mwezi, na akizeeka ana pensheni. Msomaji alishike jambo hilo, kwani litarudi mbele.

Habari ya leo ni ya ekipe ya namna nyingine kabisa. Inaitwa Dhangadhi FC. Haikuzaliwa kambini wala mtaani. Ilizaliwa kwa mkataba wa biashara, mwaka 2021, pamoja na ekipe zingine sita, ili kucheza shindano jipya lililopewa jina la Nepal Super League. Na swali linaloihusu ni rahisi kulisema lakini gumu kulijibu: ekipe yenye jina la mji ni ya nani? Ni ya yule aliyelipa pesa, au ni ya wenye jina?

Dhangadhi ni mji wa bonde, si wa mlima. Uko katika tambarare ya joto ya kusini, karibu kabisa na mpaka wa India, katika wilaya ya Kailali. Mkoa wake unaitwa Sudurpashchim, maana yake magharibi ya mbali. Yaani hata serikali, ilipotafuta jina la mkoa, ilisema ukweli: huko ni mbali. Ni mbali na nani? Na Kathmandu. Kutoka Dhangadhi hadi mji mkuu ni zaidi ya kilomita 600 kwa barabara, safari ya kulala ndani ya basi. Vijana wengi wa upande huo wamezoea kuvuka mpaka kwenda India kutafuta kazi kuliko kupanda kwenda Kathmandu.

Mtu wa Aru au wa Kalemie anaelewa maisha hayo bila kuelezwa sana. Habari za nchi zinatoka mji mkuu, na ligi ya nchi nayo inatoka mji mkuu. Kijana wa mbali anasikiliza redio na kujua majina ya wachezaji wote, lakini hajawahi kuona hata mmoja wao akifunga kamba za viatu.

Kwa Nepal jambo hilo lilikuwa hivyo kwa miaka mingi. Ligi ya juu, ile inayoitwa A Division na yenye jina la kuwakumbuka mashahidi wa nchi, ilikuwa na ekipe 14, na karibu zote ni za bonde la Kathmandu, yaani Kathmandu yenyewe, Lalitpur na jirani zake. Nyingi zilizaliwa mtaani. New Road Team, ya mwaka 1934, ina jina la barabara moja ya katikati ya mji. Three Star ni ya Patan, jina la zamani la Lalitpur, tangu 1954. Manang Marshyangdi ina jina la wilaya ya milimani, huko juu kabisa, lakini makao yake ni Kathmandu, kwa sababu watu wenye asili ya Manang waliohamia mji mkuu ndio walioibeba. Walihama na jina lao, na jina likawa na wenyewe.

Kijana wa Dhangadhi, wa Biratnagar au wa Butwal mwenye kipaji alikuwa na njia moja tu: kupanda basi. Aende Kathmandu, apange chumba, aombe nafasi katika ekipe ya mtaa wa watu wengine, au apate bahati ya kuandikishwa jeshini au polisi. Kama hakupata, alirudi nyumbani, au alipanda ndege ya Ghuba kwenda kujenga majumba ya wengine. Viwanja vya Kombe la Dunia la 2022 kule Qatar, mikono mingi iliyovijenga ilikuwa ya Wanepali.

Kisha ligi yenyewe ikanyamaza. Tarehe 25 Aprili 2015 tetemeko kubwa la ardhi lilipiga Nepal na kuua karibu watu elfu tisa. Uwanja mkuu wa taifa, Dasharath Rangasala, uliharibika. Ligi ya A Division, iliyokuwa imechezwa mara ya mwisho katika msimu wa 2013–2014, haikurudi mpaka 2018. Miaka zaidi ya minne bila ligi! Mchezaji aliyekuwa na miaka 22 alipata 26 akiwa bado anangoja. Hakuna mtu anayeweza kumrudishia miaka hiyo.

Katika hali hiyo, wafanyabiashara walipokuja na wazo la ligi mpya ya kulipia nafasi, watu hawakuwacheka. Wazo halikuwa geni. India, jirani mkubwa, ilianza kufanya hivyo kwa kriketi mwaka 2008, na kwa mpira wa miguu mwaka 2014 kupitia Indian Super League. Nepal nayo ilikuwa tayari imejaribu kwa kriketi. Hata Dhangadhi ilikuwa na shindano lake la kriketi la namna hiyo, Dhangadhi Premier League, tangu 2017, na michezo ilichezwa Dhangadhi penyewe, mbele ya watu wa huko.

Namna inavyofanya kazi ni hii. Mwandaaji wa ligi anaunda nafasi chache, kila nafasi ina jina la mji. Mwenye pesa ananunua nafasi. Akishanunua, amepata haki ya kutumia jina la mji ule, kutafuta wadhamini, kuuza jezi, na kusajili wachezaji. Hakuna kupanda wala kushuka daraja. Ukimaliza wa mwisho, msimu ujao bado uko ndani, mradi unalipa. Na ekipe ya mtaani, hata ikishinda kila kitu, haiwezi kuingia kwa miguu yake. Lazima iingie kwa mfuko.

Ekipe saba za kwanza zilikuwa Kathmandu Rayzrs, Lalitpur City, Pokhara Thunders, FC Chitwan, Butwal Lumbini, Biratnagar City na Dhangadhi FC. Ukisoma orodha hiyo ukiwa na ramani mkononi, unaona jambo ambalo A Division haikuwahi kulifanya. Biratnagar iko mashariki. Chitwan, nchi ya vifaru, iko kusini katikati. Butwal iko karibu na Lumbini, mahali alipozaliwa Buddha. Pokhara iko chini ya milima ya Annapurna. Dhangadhi iko mwisho wa magharibi. Kwa mara ya kwanza mchezo wa ngazi ya juu ulisema majina ya miji hiyo kwa sauti, kila usiku, kwenye televisheni.

Tusiidharau nguvu ya jambo hilo. Mtu wa mbali akisikia jina la mji wake likitajwa pamoja na neno bao, badala ya neno mafuriko au neno umaskini, kifua chake kinapanuka. Mtoto anauliza baba yake: hawa ni wetu? Na baba anajibu ndiyo, bila kuuliza nani ametia sahihi ya mkataba.

Wachezaji waligawanywa kwa mnada. Wenye ekipe walikaa mezani, jina la mchezaji likasomwa, bei ikapandishwa. Kwa mtu wa nje, kuuza watu kwa mnada ni jambo la kuchukiza masikio. Lakini kwa mchezaji wa Nepal aliyekuwa amezoea kuahidiwa mshahara na kuusubiri, kusikia bei yake ikitangazwa mbele ya kila mtu ilikuwa heshima ya namna fulani. Angalau mara hii kazi yake ilikuwa na thamani iliyoandikwa. Lakini mnada huohuo ulionyesha udhaifu wa majina. Mchezaji alikwenda kwa aliyetaja bei kubwa, si kwa mji aliozaliwa. Kijana wa mashariki angeweza kuvaa jina la magharibi ya mbali bila kuwahi kukanyaga huko.

Ligi ilianza tarehe 24 Aprili 2021. Siku hiyo ilikuwa siku moja kabla ya kumbukumbu ya mwaka wa sita wa tetemeko. Uwanja ulikuwa uleule, Dasharath Rangasala, uliokuwa umetengenezwa upya. Jina lake ni la Dasharath Chand, mmoja wa mashahidi waliouawa na watawala wa ukoo wa Rana mwaka 1941. Ni uwanja wenye kumbukumbu nzito: mwezi Machi 1988 mvua ya mawe ilishuka katikati ya mchezo, watu wakakimbilia milango, milango ikawa imefungwa, na zaidi ya watu 70 wakafa kwa kukanyagana. Wanepali wameulipia mpira kwa gharama kubwa. Hakuna mtu anayeweza kuwaambia kwamba mapenzi yao ni ya juujuu.

Lakini michezo yote ya msimu ule wa kwanza ilipangwa katika uwanja huo mmoja. Biratnagar City haikucheza Biratnagar, Pokhara Thunders haikucheza Pokhara, na Dhangadhi FC haikucheza Dhangadhi. Kathmandu Rayzrs tu, na labda Lalitpur City iliyo ng'ambo ya mto Bagmati, ndizo zilizoweza kusema ziko nyumbani. Zingine zote zilikuwa wageni siku zote, hata siku ambayo karatasi ya mchezo iliziandika kuwa wenyeji.

Mtu wa Dhangadhi aliyetaka kuiona ekipe yake angepanda basi zaidi ya kilomita 600, angelala Kathmandu, angerudi. Siku tano baada ya ligi kuanza, hata mlango huo ukafungwa. Wimbi la pili la Korona liliingia kutoka India kwa nguvu, na tarehe 29 Aprili bonde la Kathmandu likawekwa chini ya amri ya kutotoka. Hospitali zilikosa oksijeni. Ligi ikaendelea, viti vikiwa vitupu.

Ni katika hali hiyo Dhangadhi FC ilifika fainali. Tarehe 15 Mei 2021 ilikutana na Kathmandu Rayzrs, ikafungwa 2–1. Mji mkuu ulichukua kombe la kwanza, mji wa mbali ukachukua nafasi ya pili. Kwa ekipe iliyokuwa na umri wa wiki chache, ni kazi nzuri. Kwa watu wa Dhangadhi, ni maumivu waliyoyapata kupitia kioo cha televisheni au cha simu. Hawakuimba uwanjani, hawakuwazomea waamuzi, hawakumsubiri kapteni mlangoni na kumwambia pole. Walipenda kwa mbali, wakashindwa kwa mbali.

Na hapo ndipo sehemu ngumu ya habari hii inapoanza. Baada ya firimbi ya mwisho, nini kilifuata?

Ekipe ya mtaa ikipoteza fainali, kesho yake inarudi mtaani. Watoto wanaendelea kufanya mazoezi kwenye uwanja uleule wa vumbi, wazee wanaendelea kugombana chini ya mti, mwenye duka anaendelea kudaiwa. Ekipe iko hata kama haichezi. Ekipe ya kununua nafasi haina kesho yake. Ligi yote ilikuwa imechukua wiki tatu tu, kutoka 24 Aprili hadi 15 Mei. Ilipoisha, jezi zilikunjwa, mikataba ikaisha, wachezaji wakarudi kwenye klabu zao za kawaida au nyumbani kwao. Ilipita zaidi ya miaka miwili kabla msimu wa pili haujachezwa.

Hebu fikiria mtoto wa Dhangadhi aliyekuwa na miaka kumi siku ya fainali ile. Aliipenda ekipe kwa wiki tatu. Akaisubiri mpaka akawa na zaidi ya miaka kumi na miwili. Katika muda huo hakukuwa na mchezo wa ligi hiyo wa kumpeleka uwanjani siku ya Jumamosi. Jina la mji wake lilikuwa limelala ndani ya kabati la ofisi, kama bendera ya sherehe inayongojea mwaka mwingine.

Kwa mchezaji, jambo ni zito zaidi. Wiki tatu za mshahara mzuri hazilishi familia miezi kumi na miwili. Na ligi ya zamani, ile ya mtaani, nayo haikumsaidia kwa kudumu. Baada ya msimu wa 2023, ambao Church Boys United ilikuwa bingwa, A Division haikuchezwa 2024, wala 2025. Wachezaji walilalamika hadharani. Wengi waliacha kulalamika, wakaondoka. Wachezaji wa ekipe ya taifa, vijana wenye miaka bora kabisa ya mpira mbele yao, walihamia Australia, ambako wengine wanacheza ligi ndogo huku wakifanya kazi za kawaida. Ekipe ya taifa nayo ilikosa uwanja unaokubaliwa kimataifa, hata mwezi Oktoba 2025 mchezo wake wa nyumbani dhidi ya Vietnam ukachezwa Vietnam kwenyewe.

Sasa msomaji akumbuke askari tuliyeanza naye. Katika nchi ambayo ligi inaweza kusimama miaka minne, na ekipe ya kununua inaweza kulala miaka miwili, anayelala usingizi mzuri ni mchezaji wa jeshi na wa polisi. Si kwa sababu anacheza vizuri kuliko wengine, bali kwa sababu mwisho wa mwezi mshahara unaingia, ligi iwepo isiwepo. Ndiyo maana vijana wengi wa Nepal wenye kipaji huota sare ya serikali kabla ya kuota kombe. Ni akili, si woga.

Tuwe wa haki kwa wenye ekipe pia. Mtu anayenunua nafasi kama ya Dhangadhi FC hapati dhahabu. Analipa nafasi, analipa wachezaji, analipa hoteli ya kikosi kizima katika mji mkuu, analipa mwalimu na daktari. Mapato yake yanatoka kwa wadhamini wachache, katika soko dogo. Msimu wa kwanza alipigwa na Korona, viti vikawa vitupu. Kumwambia apeleke michezo Dhangadhi ni kumwambia aongeze gharama ya safari ya ekipe mbili, waamuzi, kamera na taa. Uwanja wenye nyasi nzuri na taa za usiku si kitu kinachopatikana katika kila mji wa Nepal. Hizo ni sababu za kweli.

Na ni haki pia kusema kwamba klabu za zamani hazikuwa mama wa huruma kwa mtu wa mbali. Ziliwahi kumpa nini kijana wa Kailali? Kama Super League isingekuja, Dhangadhi ingekuwa bado haina hata jina katika ligi. Anayelia kwamba ligi ya pesa imeua ligi ya mtaani, aulizwe kwanza ni mtaa wa nani.

Lakini sababu ya kwamba huko mbali hakuna watazamaji, hiyo haisimami. Nepal ina mashindano mengi ya mtoano yanayoandaliwa na miji yenyewe, yale yanayoitwa Gold Cup. Pokhara ina Aaha Gold Cup. Dharan, mashariki, ina Budha Subba Gold Cup. Watu hujaa, wanakaa chini, wanasimama, wanapanda juu ya kuta. Klabu za Kathmandu ndizo hupanda basi kwenda kule, na hupokelewa kwa kelele. Na Dhangadhi yenyewe ilishaonyesha kwa kriketi kwamba inaweza kupokea ligi ya kulipia nafasi katika ardhi yake. Watu wapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuwapelekea kile kilichobeba jina lao.

India inatoa somo juu ya jina. Kule Kolkata, Mohun Bagan ni klabu ya mwaka 1889. Mwaka 2020 iliunganishwa na mwenye nafasi katika Indian Super League, na jina likawa ATK Mohun Bagan. Wapenzi wa klabu hawakukubali. Herufi tatu tu, lakini waliziona kama mgeni aliyekaa mbele ya jina la babu yao. Walipiga kelele uwanjani na barabarani, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2023 herufi hizo zikaondolewa. Tajiri alibaki, pesa zikabaki, lakini jina lilirudi mbele. Walishinda kwa nini? Kwa sababu walikuwa wengi, walikuwa karibu, na walikuwa na zaidi ya miaka mia moja ya kukaa pamoja.

Watu wa Dhangadhi hawana silaha hiyo. Ekipe yao ilizaliwa juzi, na haikulala nyumbani hata usiku mmoja wa ligi ile ya kwanza. Wakitaka kupiga kelele, wampigie nani? Ofisi iko mbali kama uwanja.

Hapa Congo tunajua kwamba jina la biashara si dhambi. TP Mazembe ya Lubumbashi ilianzishwa 1939 na wamisionari, ikaitwa Saint-Georges, kisha ikabeba jina la Englebert, jina la matairi ya gari. Ni kwa jina la matairi ilichukua kombe la Afrika mwaka 1967 na 1968. Majina yalibadilika, wenye pesa walibadilika, utawala wa nchi ulibadilika. Watu wa Lubumbashi walibaki palepale, upande uleule wa uwanja. Ndiyo maana ekipe haikufa. Tunajua pia upande mwingine: msimu wa Linafoot wa 2022–2023 ulikatishwa bila bingwa kwa kukosa pesa, na wachezaji wetu wakakaa nyumbani kama wale wa Nepal. Hatuko mahali pa kumcheka mtu.

Basi ekipe ya kununua nafasi inaweza kuwa ekipe ya kweli? Inaweza, lakini si kwa mkataba peke yake. Jina la mji si bidhaa inayonunuliwa mara moja na kumalizika kama gunia la saruji. Ni deni. Unalichukua leo, unalilipa kidogo kidogo kila msimu, na unayemlipa si mwandaaji wa ligi, bali ni yule mtoto aliyeuliza: hawa ni wetu?

Malipo yenyewe si makubwa kupita kiasi. Mchezo mmoja tu wa nyumbani kila msimu, hata wa mchana kama taa hazipo, ungeanza kulipa. Nafasi mbili au tatu katika kikosi zilizowekwa kwa vijana wa mkoa, nje ya mnada, zingeendelea kulipa. Mazoezi ya watoto ya mwaka mzima, yenye mwalimu mmoja na mipira ishirini, yangeifanya ekipe iwepo wakati ligi haipo. Na tarehe ya msimu iliyoandikwa na kuheshimiwa, ili mchezaji ajue atakula nini mwezi wa sita, ingezuia wengine kupanda ndege ya Australia. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomzuia mwenye pesa kubaki mwenye pesa.

Yasipofanyika, wenye nafasi watazidi kushangaa kwa nini jezi haziuzwi na wadhamini hawarudi. Jibu liko katika basi la zaidi ya kilomita 600. Mtu hanunui jezi ya mgeni kila mwaka. Ataipenda mara ya kwanza kwa sababu ya jina, mara ya pili atauliza, mara ya tatu atageuza televisheni na kutazama ligi ya Uingereza, ambako angalau anajua hawamdanganyi kwamba ni watu wa kwao.

Wanepali wanaolinda amani Ituri wanajua maana ya kuvaa jina la nchi begani ukiwa mbali na nyumbani. Siku moja zamu inaisha, wanarudi, na mtu anawapokea. Dhangadhi FC nayo inavaa jina begani. Watu wa Dhangadhi bado wanangoja siku ya kuipokea.